Pikapu ya Zamani Dar: Maswali Yanayorudi Kila Siku Kuhusu Sevisi, Spea na Maboresho

Leo anauliza mwenye Hilux ya kubebea tofali Goba, kesho mwenye ya samaki kutoka Feri, swali ni lilelile. Majibu mengi hapa yamelenga Hilux za dizeli zenye injini za 2L, 3L na 5L maana ndo zimejaa mjini, ila mwenye Hardbody ya Nissan, L200 ya Mitsubishi au Land Cruiser ya 1HZ naye atapata chake, penye tofauti nimetaja. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: hela ianzie kwenye maji, oili, belti na breki. Rimu na taa za mapambo zitasubiri, na kama unatafuta mtu wa kukuunga mkono ununue rimu kabla ya breki, humu hayupo.

## YA KUANZIA

Nimenunua pikapu, muuzaji anasema "haidai kitu". Nianzie wapi?

We chukulia inadai kila kitu. Hujui oili iliwekwa lini, hujui ni ipi, na mara nyingi hata aliyekuuzia hajui. Mwaga vyote uanze upya: oili ya injini na filta yake, oili ya giaboksi, ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) kama ni fowili, ya difu zote mbili, maji ya rejeta, maji ya breki na klachi, alafu badilisha filta ya dizeli na usafishe au ubadilishe eakilina.

Kwenye difu na giaboksi fungua nati ya kujazia KWANZA kabla ya ile ya kumwagia. Watu wanamwaga oili yote, wanageukia nati ya juu inagoma, imeota kutu miaka, basi gari inalala hapohapo gereji. Na kile unachomwaga kiangalie vizuri, usikubali fundi akimwage mbali na macho yako. Oili ya difu ikitoka kama chai ya maziwa maji yameingia (angalia swali la mafuriko mwishoni), sumaku ya nati ikiwa na unga laini wa chuma ni kawaida, ila vikiwa vipande vya kushikika kwa vidole hapo kuna jino limevunjika.

Baada ya hapo nenda kwenye taimingi belti, ipo maswali machache chini.

Oili ya injini nibadilishe baada ya kilomita ngapi, na niweke ipi?

Kwa dizeli hizi za zamani 15W-40 ya dizeli inatosha kabisa, joto la Dar halidai oili nyepesi. Kwenye kopo tafuta herufi zinazoanza na C, mfano CF-4, CH-4 au CI-4, C ndo ya dizeli, S ni ya petroli, zipo zenye zote mbili haina shida. Kilomita 5,000 badilisha. Kama maisha yako ni foleni ya Mbagala asubuhi na jioni usisubiri hata zifike, maana injini inanguruma masaa mawili odomita imesogea kilomita kumi tu.

Ujazo ni kati ya lita 5 na 6 pamoja na filta kwa hizi za L, ila mwisho wa ubishi ni dipstiki, jaza kidogo, subiri ishuke, pima tena.

Oili ya kupimiwa kwenye dumu usiweke hata kama ni bei ya kutupa.

Nimebadilisha oili juzi leo imeshakuwa nyeusi, nimeuziwa feki?

Sio lazima. Dizeli inatoa masizi na kazi ya oili ni kuyabeba, kwenye injini iliyotembea sana inakuwa nyeusi siku hiyohiyo. Feki utaijua zaidi kwa kopo lenye sili iliyochezewa na duka lenyewe kuliko rangi.

Odomita imekufa, nitajuaje kilomita?

Hesabu mafuta. Kama gari yako inakwenda kama kilomita 10 kwa lita, lita 500 ulizojaza ni kilomita 5,000. Tunza risiti za sheli kwenye dashibodi, basi.

Gari yangu ina taimingi belti au cheni? Na nibadilishe lini?

Hili ndo swali lenye hela kubwa kuliko yote humu. Toyota 2L, 3L na 5L zina belti. 1HZ ya Land Cruiser ina belti. 4D56 ya Mitsubishi ina belti, tena ina na kadogo kengine ka balansi shafti, kakikatika kanaweza kuvutwa na kuiharibu kubwa, kwahiyo zinabadilishwa zote mbili pamoja. Nissan TD27 inatumia gia, wenye hiyo laleni usingizi. Hilux ya petroli ya 22R ina cheni, ila ile reli ya plastiki inayoiongoza ikivunjika cheni inaanza kusaga kava mpaka inatoboa njia ya maji, kwahiyo ukisikia inakwaruza mbele asubuhi usiwashe redio kuifunika, ifungue.

Belti ya Toyota hizi ni kila kilomita 100,000. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, ikifika hapo inawaka. Sasa tatizo ni kwamba gari ya mwaka 1995 imeshapita mikono mingapi, taa hiyo kuna aliyeirudisha bila kubadilisha belti na kuna aliyeng'oa balbu kabisa, kwahiyo kutowaka kwake sio ushahidi wa kitu. Washa swichi bila kupiga stata uone kama inawaka pamoja na zingine, isipowaka balbu haipo. Kama huna historia ya belti, badilisha tu.

Ikikatika valvu zinagonga pistoni, hapo unafungua hedi, unanunua valvu, na siku hiyo utakuwa na tofali za mtu juu. Ukibadilisha usinunue belti peke yake, weka na beringi yake ya kukazia, na sili za kamshafti na krenki kama zinalia oili, maana oili ikidondokea belti mpya inailainisha unarudi palepale. Mwambie fundi apange alama za gia zote akuonyeshe kabla hajafunga kava, kisha azungushe krenki kwa spana mizunguko miwili kamili na alama zirudi mahali pake. Fundi anayejua hatakasirika kuombwa hivyo.

## JOTO NA MAJI

Inachemsha kwenye foleni lakini ikitembea inapoa. Shida ni nini?

Mara nyingi ni feni. Ikitembea upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni, ikisimama feni inaachiwa peke yake na haiwezi. Pikapu hizi feni inakaa kwenye klachi yake yenye silikoni ndani, zima injini ikiwa ya moto ujaribu kuizungusha kwa mkono, inatakiwa ikubishie. Ikizunguka huru kama pangaboi imekufa. Mafundi wengi wanaifunga moja kwa moja kwa bolti izunguke muda wote, kwa kukufikisha nyumbani sawa, ila kuishi nayo hivyo inapiga kelele, inakula mafuta na inatesa beringi ya wota pampu.

Angalia pia kava la plastiki linalozunguka feni, likivunjika au likitolewa feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Watu wanalitupa kwasababu linawasumbua kubadilisha belti, alafu wanahangaika mwaka mzima na joto.

Kama inachemsha hata ikitembea hasa ukiwa na mzigo, hapo rejeta imeziba ndani au hedi gasketi, soma chini.

Fundi anataka kutoa thamostati, anasema nchi ya joto haihitajiki.

Mkatalie. Thamostati kazi yake ni kuifanya injini ifike joto lake la kazi haraka na ikae hapo, dizeli ikifanya kazi ya baridi inachoma mafuta vibaya na silinda zinalika upesi. Halafu zipo thamostati zenye valvu mbili, ya pili inafunga njia ya mkato ya maji, ukiitoa maji yanazunguka bila kupita kwenye rejeta na gari inaanza kuchemsha zaidi ya mwanzo. Kuijaribu ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji weka jikoni, maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka, yakipoa ijifunge. Isipofanya hivyo nunua nyingine, sio kitu cha bei.

Maji ya bomba yanatosha au lazima kulanti?

Weka kulanti. Sisi hatuna barafu ni kweli, lakini kulanti inazuia kutu ndani ya bloku na hedi, na maji ya visima vya huku, yale yenye chumvi ya Kigamboni na Mbezi, yanajaza magamba kwenye rejeta. Kama hela haipo kwa sasa tumia maji ya mvua au ya chupa kuliko ya kisima.

Na mfuniko wa rejeta usiudharau. Ule springi yake inashikilia presha, ukiwa umeandikwa namba 0.9 maji yanachemkia karibu nyuzi 118 badala ya 100. Ukichoka, gari nzima inaanza kutapika maji kwenye kibuyu (chupa ya akiba pembeni ya rejeta) na watu wanafungua hedi bure. Anza na mfuniko, ununue wenye namba ileile.

Nitajuaje hedi gasketi imeungua?

Asubuhi injini ya baridi fungua mfuniko wa rejeta, washa. Ukiona mapovu yanapanda mfululizo shingoni, au ukifunga mfuniko paipu ya juu inakuwa ngumu ndani ya dakika moja kabla injini haijapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili zingine ni maji yanapungua bila kuvuja popote, moshi mweupe usioisha, na povu la rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili.

Ikibidi kufungua, hedi ipelekwe kupimwa na kuskimiwa (kusawazishwa uso), na ikaguliwe nyufa hasa kati ya valvu. 2L zenye turbo zina sifa mbaya ya kupasuka hedi, kwahiyo kuweka gasketi mpya kwenye hedi yenye ufa ni kuchoma hela. Na tafadhali kitafute kilichosababisha ichemshe kabla ya kufunga, gasketi haijiunguzi yenyewe.

## KUWAKA, MOSHI NA MAFUTA

Asubuhi napiga stata mpaka betri inakata, ikishawaka siku nzima haisumbui.

Vitu viwili. Cha kwanza hita plagi, zile zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha. Chukua taa ya kupimia, bana upande mmoja kwenye pozitivu ya betri, toa ule mkanda wa chuma unaounganisha plagi, gusa kichwa cha kila plagi moja moja, isiyowasha taa imekufa. Ukienda dukani beba ya zamani mkononi na usome volti zilizoandikwa, kuna magari yanatumia za volti ndogo na mengine za 12, ukikosea zinaungua siku ya kwanza.

Cha pili ni hewa. Ile pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli ina mpira ndani, ukizeeka unanyonya hewa, dizeli inarudi kwenye tanki usiku kucha. Jaribu hivi: asubuhi kabla ya kuwasha pampu kwa mkono mpaka iwe ngumu kisha piga stata, ikiwaka mara moja basi jibu unalo. Fundi anaweza kuweka kipande cha paipu ya kuonyesha kabla ya pampu kubwa muone mapovu kwa macho.

Moshi wa rangi gani unamaanisha nini?

Mweusi ni mafuta mengi hewa kidogo: eakilina chafu, nozeli (zinazoingiza dizeli kwenye silinda) zinakojoa badala ya kupuliza, au kuna mtu alikaza pampu ili "iwe na nguvu". Mweupe asubuhi unaoisha ni hita plagi au taimingi ya pampu, usioisha ni maji (swali la hedi gasketi). Wa bluu ni oili, ukitoka baada ya kuachia mafuta kwenye mteremko anza na sili za valvu, ukitoka muda wote ukikanyaga ni ringi, anza kuweka akiba ya ovaholi.

Nitajikingaje na dizeli iliyochakachuliwa au yenye maji?

EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuyachanganya kusilipe tena, kwahiyo hali sio ile ya zamani. Ila ya madumu pembeni ya barabara bado yapo, na pampu ya dizeli za hivi inalainishwa na dizeli yenyewe, ukiipa mafuta ya taa inajisaga kimyakimya. Jaza sheli moja unayoiamini, dai risiti ya EFD, siku ikikuletea shida una pa kuanzia.

Maji yanakusanyika chini ya filta, kuna kinati cha plastiki, kilegeze kila wiki mbili utoe kidogo kwenye chupa ya wazi uone. Wakati wa masika kila wiki.

## UMEME

Breki zimekuwa ngumu ghafla na altaneta inalia oili. Vinahusiana?

Vinahusiana sana, na watu wengi hawajui. Dizeli haitoi upepo wa kunyonya kama petroli, kwahiyo kwenye 2L, 3L, 5L na 1HZ mgongoni mwa altaneta kuna pampu ndogo ya vakyumu ndo inayosaidia breki, nayo inalainishwa na oili ya injini kwa kipaipu. Sili yake ikifa oili inaingia ndani ya altaneta, inalowesha kaboni na chaji inakufa. Pampu ikifa pedali inakuwa jiwe. Kwahiyo ukienda kununua altaneta ya mtumba geuza uangalie mgongo, kuna wauzaji watakupa ya petroli inayofanana, inachaji vizuri kabisa, ila gari haina breki za maana.

Taa za mbele hafifu, niweke LED?

Kwanza pima umeme unaofika kwenye balbu. Kwenye gari hizi umeme wa taa unapita swichi ya usukani na waya nyembamba za miaka thelathini, unafika umechoka. Fundi umeme akifunga rilei mbili na waya nene kutoka betri, balbu ileile ya kawaida ya H4 inawaka kama mpya. Safisha na earth, ile inayofungwa kwenye bodi, kutu imeshaila.

LED kwenye kioo cha halojeni zinatawanya mwanga, we unaona karibu tu na anayekuja mbele yako Bagamoyo Road anapofuka. Mi sizishauri.

## BREKI, SPRINGI NA MATAIRI

Maji ya breki yanabadilishwa kweli? Fundi anasema yanaongezwa tu.

Yanabadilishwa, kila miaka miwili. Yanavuta unyevu wa hewani na unyevu wa Dar unaujua mwenyewe, matokeo yake yanachemka ukikanyaga sana na silinda zinaota kutu ndani. DOT 3 au DOT 4 vyovyote. Na kama yanapungua yanaenda wapi? Chungulia nyuma ya drami za nyuma, silinda zake ndo zinaanza kuvuja.

Nimeongeza majani ya springi nyuma ili ibebe zaidi, sasa breki za nyuma ni kama hazipo.

Lala chini ya gari uangalie juu ya difu la nyuma, utaona mkono mwembamba wa chuma unatoka difu unakwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesisi. Ile valvu inapima mzigo: difu likisogelea chesisi inajua umebeba, inaruhusu presha zaidi nyuma, likiwa mbali inajua gari tupu inapunguza ili matairi yasijifunge. Sasa ukiongeza majani nyuma inanyanyuka, valvu inadhani gari tupu hata ukiwa na tani juu, breki zote zinabaki mbele. Mkono ule unarekebishika, au unashushiwa kibati mahali unapofungwa. Hapa mjini ukiuliza mafundi wa springi kumi, wengi watakwambia hawajawahi kuigusa, na wengine wanaizibia kabisa, jambo ambalo ni hatari gari ikiwa tupu mvua inanyesha.

Na kuongeza majani hakuongezi uwezo wa beringi, difu wala chesisi. Mzigo ulioandikwa na kiwanda ni uleule.

Baada ya kazi yoyote ya springi kaza tena yubolti ukishatembea kama kilomita 500. Ikilegea senta bolti inakatika na difu linahama, utaona gari inakwenda upandeupande.

Difu la mbele linavuja grisi nyeusi kwenye nakoli (pale gurudumu linapokatia kona). Ni ya kusubiri?

Hii ni kwa Hilux zenye ekseli nzima mbele, kama LN106. Ndani kuna sili inayotenganisha oili ya difu na grisi ya nakoli, ikifa vinachanganyika vinatoka uji mweusi unaopakaa hadi rimu. Unaweza kutembea nayo kwa muda ila difu linaishiwa oili, na uji ukifika kwenye breki ndo habari nyingine. Wakifungua pakia grisi mpya beringi zote.

Wenye hab za kufunga kwa mkono (vifungio vya fowili katikati ya gurudumu la mbele), zizungushe kwenye LOCK mara moja moja utembee kidogo kwenye vumbi zisigande, ila fowili usiitumie kwenye lami kavu, matairi ya mbele na nyuma yanazunguka tofauti kwenye kona na mzigo wote unabebwa na transfa.

Matairi ya mtumba sawa?

Kwa pikapu ya mzigo sipendi. Soma namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lina kashata zote lakini lina miaka kumi, jua la huku limeshalimaliza, litapasuka Chalinze. Ukinunua jipya angalia uwezo wa mzigo, sio saizi tu, tairi la gari ndogo linaloingia kwenye rimu yako halijawa la pikapu. Presha ipo kwenye kibandiko cha mlango, ya nyuma inapanda ukipakia.

Shokapu? Bonyeza kona ya gari uachie, ikidunda zaidi ya mara moja na nusu imekwisha, ikilia oili imekwisha pia. Badilisha mbili mbili.

## KUTU

Naishi karibu na bahari, nipulizie oili chafu chini?

Oili chafu inasaidia chuma ila inaua mipira, bushi na paipu za breki zinavimba, na inalowanisha udongo unaganda. Afadhali uoshe chini kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, hasa anayebeba samaki maana yale maji yanayochuruzika kwenye bodi ni chumvi tupu, toboa matundu ya bodi yaliyoziba, ikauke kabisa ndo upake rangi ya chini au nta.

Chesisi ikague na nyundo ndogo, gonga taratibu kuelekea nyuma na pale hanga za springi zinaposhikilia. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya bati lililojaa mchanga. Kuchomelea kiraka kwenye chesisi sio kazi ya kumpa mchomelea mageti.

## SPEA NA MAFUNDI

Kariakoo nitajuaje OG (orijino) na feki?

Beba spea ya zamani, linganisha uzito, maandishi, mashine ilivyopita. Beringi yenye jina la Kijapani na bei ya Kichina unajua mwenyewe ni nini. Boksi halina maana, maboksi yanachapishwa. Gerezani na mitaa ya jirani kuna wauzaji wa miaka mingi ambao wakikuona unajua unachotaka watakuuliza wenyewe "unataka OG, Taiwani au ya kawaida", huyo ni mtu mkweli, shikilia huyo.

Vitu ambavyo mi nachukua OG tu: taimingi belti, boljointi, vya breki, sili za krenki. Mtumba wa Japani nachukua stata, altaneta, giaboksi, vioo, milango. Cha bei rahisi chochote: klipu, mikanda ya mlango, kapeti.

Nikae gereji muda wote au nimwachie fundi?

Kwa belti, hedi na breki kaa. Na spea zilizotolewa rudi nazo nyumbani.

## MABORESHO NA YASIYO YA KAWAIDA

3L yangu nzito mlimani, nifunge turbo?

Inafungika, ila injini ile haikutengenezwa na pistoni wala hedi za kubeba joto hilo, na fundi anayeweza kupanga mafuta ya pampu kulingana na upepo ni wa kutafuta sana. Ukiongeza mafuta bila kipimo cha joto la ekzosi unayeyusha pistoni. Kabla ya turbo pima kompresheni, piga nozeli kwenye mashine, weka eakilina mpya, hakikisha breki za nyuma hazijashika zenyewe. Wengi wakimaliza hayo uzito unakuwa umeisha.

Na kubadilisha injini, 2L kuweka 5L?

Hilo lina akili zaidi. Ni familia moja, kutoka cc 2,446 unaenda 2,986, na kwa kiasi kikubwa inakaa palepale. Ila namba ya injini ipo kwenye kadi, nenda TRA uibadilishe ukiwa na nyaraka za ununuzi wa injini hiyo, usipofanya hivyo siku ya kuuza au ajali na bima utazunguka. Ukibadilisha rangi ya gari ni vilevile.

AC ya zamani haina gesi, fundi anataka kujaza tu.

Gari za kabla ya katikati ya miaka ya 90 nyingi zilikuja na R12, siku hizi kinachojazwa ni R134a, na oili ya kompresa ni tofauti. Kujaza juu juu kunaiua kompresa. Ibadilishwe oili, draya na mipira. Na rejeta yako iwe nzima kwanza, AC inaongeza joto mbele yake (rudi kwenye swali la foleni).

Imezimika katikati ya maji ya mafuriko. Niipige stata?

USIIPIGE. Dizeli inabana hewa zaidi ya mara 20, maji hayabaniki, yakiwa ndani ya silinda konroda inapinda hapohapo. Isukumwe itoke, toa waya wa betri, fungua eakilina. Ikiwa kavu kabisa ndani una bahati. Ikiwa imelowa, toa hita plagi zote nne ndo uzungushe kwa stata, maji yatoke kwenye matundu, kaa pembeni maana yanaruka. Kisha oili ya injini, na hata kama injini ilipona mwaga oili ya difu zote, giaboksi na transfa ndani ya siku mbili tatu. Difu la moto likizama kwenye maji ya baridi linavuta kupitia kipumulio chake, kile kikofia kidogo juu ya ekseli. Kirefushie paipu mpaka chini ya bodi kabla ya masika, ni mita chache za paipu na klipu mbili.